Saa Nne, kwa Ajiri ya Kura

Jumamosi, 10 Februari 1996

Kwa walimu, wanachuo, wapishi na mbuzi wote wa Chuo cha Ualimu Murubanga: inatangazwa kwa huzuni kubwa kwamba filimbi ya timu imefariki dunia leo asubuhi katikati ya mazoezi, baada ya kuugua kikohozi tangu vuli. Kokwa yake ilivimba kwa maji ikakwama kooni. Marehemu amezikwa nyuma ya goli la kaskazini. Mimi, kocha Gozbert, nimemalizia mazoezi kwa kupiga sufuria.

Basi ndiyo tumefungua msimu. Nina miaka arobaini na saba, tumbo linalofika kila mahali kabla yangu, na vipindi vya Kiswahili mwaka wa kwanza na wa pili. Mpira wa maana sijawahi kucheza. Timu nilipewa siku niliyochelewa kikao. Waliowahi walikuwa wameshakataa.

Lakini mwaka huu tuna timu. Nyandwi, winga wetu, ni Mhangaza wa huku huku, mwembamba kama ufito, na akishaupata mpira mabeki hubaki wanaulizana. Golini yupo Shibuda, Msukuma kutoka Nyamahanga, ambaye hulijaza goli bila kunyoosha mikono. Kombe la Ujirani lina timu sita za Ngara na Biharamulo, na sisi hatujawahi kulishika ila kwa macho. Mwaka huu tunalichukua. Nimeandika kwa wino, si kwa penseli.

Jumamosi, 17 Februari

Tumewafunga Rulenge matatu kwa bila. Mvua kubwa. Filimbi nimeazima kwa askari wa zamu.

Jumatano, 28 Februari

Upepo wa jana jioni umeng'oa paa la bweni la wasichana. Bati moja limepatikana kwenye migomba ya jirani, limekata mikungu miwili. Hakuna aliyeumia. Wasichana wamehamia maktaba, na Speciosa, mke wangu, anasema kwa mara ya kwanza maktaba hiyo imepata watu.

Jumamosi, 2 Machi

Hakuna mechi. Nimeitwa na Mkuu wa Chuo, Madam Scholastika. Mimi huitwa pale kwa mambo mawili tu, kelele za timu au chokaa ya timu, nikaingia nimejiandaa kwa yote mawili.

"Gozbert, kaa. Wale wa shirika la chakula cha wakimbizi wamekuja tena. Wanataka uwanja."

"Wa kuchezea?"

"Wa kuegesha malori. Yanajipanga barabarani usiku kucha kabla ya kuingia kambini, na juzi mawili yamegongana. Wameangalia kilima chote hiki. Tambarare ni pale penu tu."

Nikamwambia pale pamekuwa tambarare kwa sababu. Mwaka themanini na tatu mimi na wanachuo wa wakati ule tuliuchonga mteremko ule kwa majembe, tukahamisha udongo kwa matoroli ya mbao. Vichuguu tuliving'oa vyote isipokuwa kimoja, kwenye kona ya kaskazini, ambacho mchwa wenyewe waliomo hawajawahi kukubali kuhama. Kila masika kinaota upya, kama goti la mtoto.

"Najua," akasema. "Ila wanatoa mabati na mbao za bweni zima. Wasichana wangu wanalala juu ya meza za kusomea. Bodi inakutana mwezi wa sita. Nikiwaambia nimekataa mabati kwa sababu vijana wanapenda mpira, watanifukuza, na watakuwa na haki."

Nikatazama chokaa kwenye viatu vyangu.

"Niletee kombe," akasema. "Chuo chenye kombe hakiwezi kukosa uwanja, hilo hata bodi wataelewa. Mabati nitayatafuta kwingine. Bila kombe, natia sahihi."

Nimetoka nikimwona mwanamke mgumu asiye na moyo wa mpira. Nimesema hivyo kwa Speciosa. Yeye kaniuliza kama nimewahi kulala juu ya meza.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Shibuda amekula sahani tatu, akasema anazuia baridi.

Jumamosi, 23 Machi

Nyakanazi, ugenini, sare. Moja kwa moja. Nimerudi na hasira.

Nyakanazi ni njia panda, na timu yao ni ya njia panda: madereva, mataniboi, mafundi wa gereji, na mmoja auzaye chapati. Uwanja wao umeinama kuelekea barabarani, na goli la chini limeipa lami mgongo. Kapteni wao anaitwa Pancras, dereva wa trela la mahindi ya kambini, mapaja kama magunia ya hayo mahindi. Mara tatu amempeleka Nyandwi chini. Ya tatu ilipita karibu na magoti yangu.

"Mwalimu!" akaniitia, jasho likimtiririka. "Mtoto wako huyu unamlisha chaki?"

"Nakulisha wewe tarehe nne ya mwezi wa tano," nikamjibu. Jibu zuri, ila mpaka nimelipata alikuwa ameshakimbia upande wa pili.

Jambazi la barabarani. Naandika hivyo bila kinyongo, kama taarifa.

Alhamisi, 28 Machi

Leo darasani nimefundisha tena L na R. Mwaka wa kumi na tano huu. Watoto wa Ngara wameandika "kura chakura", watoto wa Kisukuma "kucheza mpila". Nimewaambia ukimkalisha Mhangaza mmoja na Msukuma mmoja benchi moja unapata Kiswahili kamili, gawio sawa. Wamecheka. Halafu nje ya dirisha Frednand akagonga kengele ya mchana akapaza sauti: "Mwarimu! Kura tayari!" Darasa likaisha lenyewe.

Frednand ndiye mtunza stoo, ndiye mgonga kengele, na ndiye mwenye kukaa na redio ya upepo tuliyoazimwa na misheni. Mtu mwema kuliko wote kilimani. Herufi L hajawahi kuitamka, na simdai.

"Kula, Frednand," humwambia kila siku.

"Ndiyo, Mwarimu. Kura."

Jumamosi, 13 Aprili

Nyamahanga, kwa akina Shibuda. Mbili bila, zote za Nyandwi. Mama yake Shibuda alitualika chakula saa sita. Wachezaji wawili wapya wakataka twende saa sita.

Niliwazuia barabarani, nikawapa somo lisilo kwenye mtaala. Huku kwetu ukialikwa chakula saa sita, ukafika saa sita, umemtia aibu mwenyeji ambaye bado anachambua mchele, nawe umejitangaza mlafi. Heshima ni kuchelewa saa mbili, ikizidi tatu, kisha unaingia unasema "Tusisumbuke, tumeshiba," unakula mpaka mkanda unalia. Tulifika saa nane na nusu. Mama alikuwa ndio anaepua.

"Mmelelewa," akasema. Nimefurahi kuliko mabao.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Malori yamejipanga kutoka kwenye kibao cha chuo hadi darajani. Nimehesabu hadi nikachoka.

Jumamosi, 4 Mei

Nyakanazi kwetu. MBILI MOJA!

Bao la pili ni la kichuguu. Nyandwi anakijua kama mtu anavyoijua ngazi ya kwao gizani. Alipiga chini chini kwenye kona ya kaskazini, mpira ukagonga goti lile la udongo, ukaruka ndani, kipa wao akabaki amekumbatia hewa. Pancras alikwenda pale akakikanyaga kichuguu kwa kiatu, akakitazama, akanitazama.

"Mwalimu, huyu mchezaji wa kumi na mbili mmemsajili?"

"Tangu themanini na tatu," nikamwambia.

Akacheka, meno yote nje. Lilinisumbua jioni nzima. Jambazi halipaswi kucheka vile.

Jumamosi, 11 Mei

Rulenge kwao, matope mpaka magotini, bila kwa bila. Nyakanazi wameshinda yao. Kwa hiyo ligi imekwisha, sisi na wao tuna pointi sawa na mabao sawa. Itachezwa mechi moja ya kuamua. Kama itakuwa kwetu, na kichuguu, kombe liko kabatini tayari.

Jumatano, 15 Mei

Habari njema. Frednand amekuja mbio kutoka kwenye redio, kofia mkononi.

"Mwarimu, kamati ya kombe wametuita! Waende watu wawiri, Nyakanazi, Jumamosi saa nne, kwa ajiri ya kura."

"Kula," nikasema.

"Ndiyo. Kura."

Kamati wana ada yao: kila mwaka huwaalika viongozi wa timu mbili za juu wale pamoja kabla ya mechi ya mwisho, ili wasije wakapigana. Mwaka juzi walichinja mbuzi. Mahali pa mechi patapangwa hapo hapo mezani, tukishashiba, na mimi nikishashiba huwa na ushawishi.

Swali likawa nani aende nami. Kapteni wetu ana tumbo la ndege, atatuaibisha. Nimemteua Shibuda. Ameipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu, akauliza kama aanze kufunga Ijumaa.

Jumamosi, 18 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa Speciosa, ambaye asubuhi alituletea uji tukaukataa wote wawili, mimi na Shibuda, kwa mkono juu ya kifua.

"Saa nne mmealikwa, na saa hizi mko bado hapa?" akaniuliza.

"Chakula, mama Tecla. Chakula hakiwahiwi."

Tulipanda lori la mkaa, tukashuka Nyakanazi saa saba kasoro kidogo, adabu tupu, matumbo yakizungumza. Ofisi ya kamati ni chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta. Nimetazama kama kuna moshi. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na sufuria. Palikuwa na kufuli mlangoni, na Pancras amekaa kwenye tairi kuukuu, anatafuna muwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wenzetu wako wapi? Tumewahi?"

Akanitazama kwa namna ambayo mimi humtazama mwanachuo aliyeleta daftari la somo jingine.

"Mwalimu, kura ilikuwa saa nne. Tumewangoja mpaka saa tano na nusu. Mwenyekiti kasema asiyefika amepoteza, ndiyo kanuni. Nimeokota karatasi kwenye kofia peke yangu. Zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa zangu. Mechi ni hapa, tarehe moja."

"Kura," nikasema.

"Kura. Ya uwanja. Ninyi mlidhani nini?"

Nilikuwa natafuta jibu la heshima. Shibuda, ambaye hajala tangu jana, akanitangulia.

"Tulidhani ubwabwa."

Pancras alisimama, akakaa, tairi likamtupa, akabaki chini akipiga vumbi kwa kiganja. Alicheka hadi fundi mmoja akatoka chini ya gari kuja kuona nani amegongwa. "Mwalimu wa Kiswahili!" alikuwa anasema, akifuta macho. "Wa Kiswahili!" Nami nimesimama pale na suti yangu ya Pasaka.

Kisha akajipangusa, akasema, "Twendeni basi. Mmekuja kwa kula, mtakula," akatupeleka kwa Anjelika, mama ntilie wa kando ya stendi, wali, maharage na nyama ya mchuzi. Shibuda alikula sahani nne. "Wabeja, mama," akamshukuru Anjelika kwa Kisukuma kwa kila moja. Pancras hakuniacha nitoe hata senti.

Tukiwa tunakula nikamwuliza wanafanya mazoezi saa ngapi.

"Mazoezi? Mwalimu, sisi tunalala chini ya magari huko juu, foleni siku mbili, siku tatu. Ukitaka kupiga mpira unapiga barabarani, unachungulia lori linalokuja. Nimeuona ule uwanja wenu. Siku ile ya tarehe nne nilikaa baada ya mechi nikaukanyaga tu, kwenda na kurudi. Ni nani aliyeunyoosha namna ile?"

Nikamwambia ni nani. Akaacha kula kidogo.

"Kwa jembe?"

"Kwa jembe."

Sikumwambia habari ya mabati. Hamu ya wali ilinipungua.

Jumapili, 19 Mei

Nimewaambia timu. Nyandwi akacheka kwa pua, halafu wote. Nimemwambia Madam Mkuu. Yeye hakucheka. Alisema maneno matatu, "Mwalimu wa Kiswahili," akarudi kwenye makaratasi yake.

Frednand amekuja nyumbani jioni, ameinama. "Mwarimu, nimekuharibia."

"Wewe ulisema kura," nikamwambia. "Umesema sawa. Mara moja katika miaka kumi na tano umesema sawa, nami nikakusahihisha."

Ijumaa, 24 Mei

Mvua zimekata. Upepo mkavu. Mazoezi ya penalti mpaka jioni. Tutashinda hata kwenye mteremko.

Nimepita maktaba kuazima kamusi. Juu ya kila meza kuna godoro lililokunjwa, na juu ya godoro daftari za mazoezi ya kufundisha. Msichana mmoja alikuwa anaandaa somo amekaa chini, miguu chini ya rafu. Shikamoo, mwalimu. Marahaba. Nimetoka bila kamusi. Madam Scholastika amekuwa akilala kule nao tangu mwezi wa pili. Sikujua, na sikuuliza.

Jumamosi, 1 Juni

Naandika yote.

Tulikwenda chuo kizima, malori mawili ya msaada wa madereva, maana Pancras alituma ya kutubeba. Madam Mkuu alikaa mbele, mkoba magotini. Nyakanazi walikuwa wamefunga maduka. Anjelika alikuwa amepika kwa ajili ya timu zote mbili. Tukakubaliana kula baadaye, na nikataka saa itajwe mbele ya mashahidi.

Kipindi cha kwanza walitutumia mteremko. Pancras akafunga kwa kichwa mpira wa kona, Shibuda akiwa ameganda kama ghala. Mapumziko niliwaambia vijana neno moja tu, kwamba sasa mteremko ni wetu. Ni hilo tu nililokuwa nalo. Nyandwi alisawazisha dakika za mwisho: aliwapita wawili, wa tatu akawa Pancras, na Pancras safari hii alikwenda kwenye mpira, si kwenye mguu. Akaukosa kwa unywele. Moja kwa moja. Madam Mkuu alisimama, mkoba ukaanguka, hakuuokota.

Penalti. Goli la chini, lenye lami mgongoni. Wao wakafunga nne na Shibuda akadaka moja. Sisi tukafunga tatu, moja nje. Ya tano kwetu ni Nyandwi. Akifunga, tunaendelea. Akikosa, basi.

Nilimwona anapima hatua. Nilimwona anatazama chini, upande wa kushoto, mahali ambapo kwetu pangekuwa na kichuguu. Akapiga kwa nguvu zote za msimu. Mpira ukapanda. Ukapita juu ya mwamba, juu ya vichwa vya watu, juu ya Anjelika na masufuria yake, ukatua ndani ya lori la wazi la mahindi lililokuwa linapita, nalo lori, bila kujua limebeba nini, likaendelea zake kuelekea kambini.

Watu elfu wakalitazama linaishia konani.

Pancras ndiye wa kwanza kumfikia Nyandwi. Alimwinua, akamfuta vumbi, akamwambia kitu sikioni. Nilimwuliza Nyandwi baadaye ni nini. "Kaniambia huko kambini watoto watafurahi."

Tukala. Saa kumi, kwa mashahidi.

Jumatatu, 3 Juni

Madam Mkuu ametia sahihi. Aliniita nishuhudie, sikutegemea hilo. Akafunika kalamu.

"Ningependa ungekuwa umeshinda, Gozbert. Nilipiga kelele pale mpaka sauti imekauka."

"Niliona mkoba," nikasema.

Jumapili, 9 Juni

Mabati yamefika. Wasichana wameimba. Nami nimeimba, sauti ya tatu.

Jumamosi, 15 Juni

Hadithi zinazozunguka chuoni ni nyingi. Moja inasema refa alihongwa. Nyingine inasema mpira uliibwa na kombe bado lina shauri. Taarifa ya mwaka ya chuo, niliyopewa kuisahihisha Kiswahili, inasema uwanja wa michezo "umehifadhiwa kwa busara za uongozi." Sijasahihisha kitu. Hapa ndipo naandika kilichotokea kweli.

Msafara wa kwanza uliingia Jumatano asubuhi. Nilikuwa nimekwenda mapema, peke yangu, kuchukua nyavu. Malori yaliunguruma mpaka kwenye mstari wa pembeni, yakasimama yote, moja nyuma ya jingine. Kwenye la kwanza akashuka Pancras, ameshika mpira kwapani. Mpira wetu. Aliufuata hadi kambini, akaubadilisha na mwingine mpya ili watoto wasilie.

Mwakilishi wa shirika alikuwa pale na kamba ya kupimia, kijana mwenye haraka. "Ingieni, ingieni! Kuanzia katikati!"

Pancras akaingia uwanjani kwa miguu. Akafika kwenye duara la kati, akabonyeza ardhi kwa kisigino, akatikisa kichwa.

"Bosi, hapa katikati pana tope. Gari lenye mzigo litazama."

Mwezi wa sita. Vumbi lilikuwa linampanda mpaka magotini akisema hivyo.

Dereva wa pili akaja, akabonyeza, akatikisa kichwa. Wa tatu. Wale niliowajua kwa jezi niliwaona sasa kwa ovaroli, wote wanabonyeza ardhi ngumu kuliko zote wilayani na kusikitika. Mwakilishi akawatazama, akanitazama mimi mwenye nyavu begani.

"Wewe ndiye mwenyeji. Ni kweli pana tope?"

Mimi ni mwalimu. Husoma somo la kwanza misani kila Jumapili ya pili. Udongo ule niliulaza kwa mikono yangu.

"Tope kubwa," nikasema. "Liko chini chini."

Akaandika. Malori yakaegeshwa kuzunguka mistari yote minne, pua zikitazama ndani, yakatoshea yote. Kufikia saa kumi madereva walikuwa wamekaa juu ya boneti kama jukwaa la taifa, na timu ya foleni ilikuwa inacheza na timu ya chuo. Pancras alikwenda kona ya kaskazini akakisalimia kichuguu kwa kofia. Madam Mkuu alisimama kwenye kivuli cha bweni jipya, akaangalia kwa muda mrefu ile tambarare kavu katikati ya magari. Aliniangalia mimi. Akaingia ndani.

Frednand akaja mbio toka jikoni, kofia mkononi.

"Mwarimu! Madam anasema wote waje, na madereva. Kwa ajiri ya kura!"

Uwanja mzima ukasimama kunitazama.

"Kura ya nini, Frednand?"

"Ya ugari, Mwarimu. Na maharage."

Tukaenda. Safari hii nilikuwa wa kwanza kufika.